Kukata mlango kwenye ukuta mnene wa zege Mombasa: mwongozo kamili, pamoja na jibu kuhusu leza

Malalamiko ni yale yale kila mara. Ukuta wa zege una unene wa sentimita 30. Fundi ameanza na grinda ya inchi 9, amechora mfereji wenye kina cha vidole vitatu hivi, kisha akashika nyundo. Nondo zimemgomea, pembe za juu zimepasuka, jirani amelalamika, na mwenye jengo anauliza kama nyumba iko salama. Wengine wamepata mashine kubwa zaidi, lakini diski ikabanwa katikati ya ukuta isitoke mbele wala nyuma.

Tatizo si uvivu wala uhaba wa nguvu. Kazi ilianzia kwenye mashine, wakati ilipaswa kuanzia kwenye uzito. Zege ulilolikata bado lipo, na lina kilo zake. Kama hujaamua litashikwa na nini na litapitia wapi, litajiamulia lenyewe.

Hapa tutakata mlango wa upana wa mita 0.9 na kimo cha mita 2.1 katika ukuta wa zege la nondo wenye unene wa sentimita 30, uwe wa ghala la Shimanzi, mtaa wa maghala mjini Mombasa, au wa chumba cha kuhifadhia fedha mjini. Ikiwa ukuta wako ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, usifuate mwongozo huu. Ukuta huo hauna nondo za kuushikilia, mawe yake huporomoka kutoka juu, na kama uko Mji wa Kale unahitaji kwanza ruhusa ya watu wa hifadhi wa Makumbusho ya Taifa.

## Vitu vya kuandaa

Usianze hata kuchora mstari kabla ya vitu hivi kuwa mahali pa kazi:

- Mchoro uliotiwa sahihi na injinia wa majengo aliyesajiliwa, na kibali cha kaunti.
- Kifaa cha kutafutia nondo na nyaya ndani ya zege.
- Drili ya stendi yenye biti ya bomba: bomba la chuma la milimita 100 lenye meno ya almasi mdomoni. Pata pia biti ya milimita 50.
- Bolti za kupanuka za kufungia stendi ukutani.
- Grinda na diski za almasi kwa kumalizia kingo.
- Akro (nguzo za chuma za kukaza zinazobeba mzigo kwa muda) za kutosha pande zote mbili za ukuta, mbao nene za kuweka juu na chini yake.
- Chenbloku (winchi ya mnyororo ya kunyanyulia) ya tani 1, fremu imara ya kuitundika, kamba za waya za kunyanyulia, na troli ya paleti.
- Kabari za chuma.
- Maji matamu kwenye tangi, pampu ndogo, mapipa mawili ya kukusanyia tope.
- Kikatizo cha umeme unaovuja cha miliampia 30.
- Barakoa za N95 au FFP3, miwani, vizuia sauti, glavu, gambuti, kofia ngumu.

Ukiweza kukodi msumeno wa ukutani unaotembea kwenye reli, wenye diski ya milimita 800, ukodi. Diski hiyo hufikia kina cha sentimita 33 hivi, kwa hiyo ukuta wako unakatika kutoka upande mmoja. Njia ya matundu ninayoeleza hapa ni ya polepole, lakini vifaa vyake hupatikana kwa urahisi zaidi na pembe zake hutoka safi.

## Kwanza, swali la leza

Video inazunguka kwenye simu: mwale unapita kwenye zege, cheche zinaruka, hakuna kelele ya nyundo. Watu wanauliza kwa nini wasipeleke kazi kwa karakana zinazokata mabati kwa leza. Swali ni la haki, na jibu lake linafundisha mengi kuhusu zege lenyewe.

Leza haisagi zege, inaliyeyusha. Joto linapoingia, maji yaliyofungwa ndani ya saruji yanageuka mvuke na kurusha vipande vya uso. Likizidi, kokoto za chokaa zinavunjika na kutoa kaboni dioksidi. Mchanga wa kwatzi nao hauyeyuki mpaka nyuzi joto 1,700 hivi za Selsiasi. Kinachotoka ni uji mzito unaoganda kuwa kioo. Bati la milimita chache huachilia uji wake kwa kupulizwa na gesi. Kwenye zege la sentimita 30 uji hauna pa kutokea. Unaganda ndani ya mfereji na kuuziba. Kadiri ukuta unavyonenepa ndivyo kuondoa uji kunavyokuwa kazi ngumu kuliko kuuyeyusha. Mwale wa mashine nyingi za aina hii hauonekani kwa jicho, na mrudisho wake mmoja tu unaweza kupofusha.

Kwa nini basi wanaovunja vinu vya nyuklia wanaitaka? Kwa sababu shida yao si yetu. Kinu huzungukwa na ukuta wa zege wa kuzuia mionzi ambao unene wake unaweza kupita mita moja, na tabaka za ndani huwa zimepata mionzi zenyewe. Msumeno wa waya wa almasi unaukata ukuta huo vizuri, na ndio unaotegemewa sana mpaka leo. Lakini waya huo hupozwa kwa maji, na kila lita inayotoka na tope la zege lenye mionzi inageuka taka mpya ya kuhifadhiwa kwa gharama kubwa. Leza haihitaji maji ya kupoza mfereji. Pia haisukumi ukuta, kwa hiyo mkono wa roboti unaoishika unaweza kuwa mwembamba. Mwale hupita ndani ya waya wa kioo, hivyo mtambo na mwendeshaji wanakaa mbali, nyuma ya kinga.

Hata huko, kazi zinazoifaa leza zaidi ni mbili: kubandua tabaka la juu la zege lililochafuka, na kukata vyuma. Kule Winfrith, Uingereza, roboti ya LaserSnake ilikata chuma cha kiini cha kinu cha Dragon, haikukata ukuta wa zege. Tena moshi na vumbi laini vinavyotoka lazima vifyonzwe na kuchujwa, maana navyo vina mionzi.

Kenya haina kinu cha nyuklia, na ukuta wako wa Shimanzi hauna mionzi. Unachohitaji kuiga kwao ni mpangilio: wanajua kila kipande kina kilo ngapi na kinakwenda wapi kabla ya kuwasha mashine.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya uzito

Zidisha upana, kimo na unene: 0.9 × 2.1 × 0.3. Unapata mita za ujazo 0.567. Zege la nondo lina uzito wa takriban tani 2.5 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mlango wako ni tani 1.4.

Hakuna kundi la vibarua la kupokea tani 1.4 kwa mikono. Gawa eneo hilo safu tatu za mlalo na safu mbili za wima. Vinakuwa vipande sita, kila kimoja kilo 235 hivi. Chenbloku ya tani 1 inavimudu bila kulemewa, na troli inavisukuma.

Pima njia yote mpaka kwenye lori: upana wa milango, mashimo ya sakafu, ngazi. Ukiwa ghorofani, muulize injinia sakafu inabeba kilo ngapi kabla ya kurundika vipande mahali pamoja. Kurundika ni kosa ambalo halionekani mpaka sakafu ilie.

Umefaulu ikiwa: una karatasi yenye vipande vilivyopewa namba, uzito wa kila kimoja, na mahali kitakapolazwa.

## Hatua ya 2: Jua ndani ya ukuta kuna nini

Pitisha kifaa cha kutafuta nondo mlalo na wima, uchore kwa chaki kila nondo na kila bomba la nyaya. Fanya hivyo pande zote mbili. Kisha toboa tundu dogo la majaribio uone unene halisi. Ramani za majengo ya zamani haziaminiki kila mara.

Zima stima ya eneo hilo kwenye swichi kuu, na ufunge mabomba ya maji.

Onyo ambalo sitalipunguza makali: baadhi ya slebu (sakafu au dari za zege) na bimu (boriti za zege) hutengenezwa kwa nyaya zilizovutwa kwa nguvu nyingi ndani ya zege. Waya kama huo ukikatwa unaachia nguvu yote kwa mpigo mmoja, na unaweza kuua. Ukishuku tu kwamba zipo, simamisha kazi na umwite injinia.

Umefaulu ikiwa: mtu mgeni anaweza kusimama mbele ya ukuta na kusoma kwa chaki kila kilichomo.

## Hatua ya 3: Beba mzigo wa juu

Ukuta huo huenda unabeba slebu. Ukiutoboa, mzigo uliokuwa unashuka hapo utatafuta njia nyingine, na njia ya kwanza itakayopata ni pembe za mlango wako. Ndiyo maana pembe hupasuka.

Simamisha akro pande zote mbili kufuata mchoro wa injinia, zikiwa juu ya ubao mnene unaosambaza uzito. Zikaze mpaka ziguse kwa uthabiti, usizikaze kiasi cha kuinua slebu. Amua sasa hivi linta (boriti ya kubeba mzigo juu ya mlango) au fremu ya chuma itaingia lini, kwa sababu zipo kazi ambapo injinia hutaka iingie kabla ya kukata.

Bandika vipande vya karatasi juu ya nyufa za zamani kwa plasta laini na uandike tarehe. Karatasi ikichanika wakati wa kazi, ukuta unasogea.

Umefaulu ikiwa: akro hazitikisiki kwa kugongwa na kiganja, na timazi inaonyesha zimenyooka.

## Hatua ya 4: Andaa maji, umeme na hewa

Vumbi la zege lina silika. Chembe zake ndogo huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyaacha na makovu yasiyopona. Kijana anayekata zege kavu leo kwa leso puani hataona kitu jioni. Madhara huja miaka baadaye, na hakuna dawa ya kuyarudisha mapafu. Kwa hiyo maji ni lazima, na barakoa ni lazima hata maji yakiwepo. Msumeno wa mkono unahitaji angalau nusu lita kwa dakika ikitua moja kwa moja kwenye diski. Biti ya bomba inahitaji zaidi.

Hapa kwetu kuna mtego. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, na ufukwe uko karibu. Usiyatumie. Chumvi ikipenya kwenye zege lililofunguka inafika kwenye nondo, nondo inashika kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege linapasuka kutoka ndani. Umeona balkoni za pwani zilizobanduka mpaka chuma kikaonekana wazi. Kisa ni hicho hicho. Agiza boza la maji matamu, au tumia ya mfereji yanapopatikana.

Maji na umeme vikikutana bila kinga mtu anakufa. Kila waya upitie kwenye kile kikatizo cha miliampia 30, na kijaribiwe kila asubuhi kwa kubonyeza kitufe chake. Mashine ya petroli usiiwashe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani moshi wake una sumu isiyo na harufu.

Umefaulu ikiwa: maji yanafika kwenye biti bila kukatika na kikatizo kinazima kila kinapobonyezwa.

## Hatua ya 5: Chora mistari na panga matundu

Panga matundu ya milimita 100 yaliyopandana kidogo, kituo hadi kituo milimita 90. Kwa mita moja unapata matundu 11 hivi. Mzunguko wa mlango ni mita 6, mistari ya kugawa ndani ni mita 3.9, jumla inakaribia matundu 110. Hii ni kazi ya siku kadhaa, na anayekuahidi ataimaliza kwa asubuhi moja hajaihesabu.

Kati ya tundu na tundu hubaki meno yanayofika karibu sentimita 3. Amua sasa: ama uyakate baadaye, au uongeze sentimita 3 kila upande wa mchoro kama injinia anakubali.

Anza na matundu ya pembe nne. Diski ya mviringo haiwezi kufika kwenye pembe bila kupitiliza mstari, na huko inakopitiliza inakata nondo ambazo ulitaka zibaki. Tundu la pembe linakuokoa, tena mviringo wake hauanzishi ufa kama pembe kali.

Weka alama kwenye madaraja pia. Daraja ni sehemu ya upana wa tundu moja ambayo hutaitoboa mpaka mwisho. Kila kipande kiwe na madaraja mawili, moja juu na moja chini.

Umefaulu ikiwa: mistari ya pande zote mbili za ukuta inalingana, umeihakiki kwa kutoboa tundu jembamba kwenye kila pembe.

## Hatua ya 6: Toboa, ukianzia chini

Mpangilio wa mistari ndio unaowaponza wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ukishatoboa pembe nne, anza na mstari wa chini kabisa. Fuata mistari ya mlalo ya ndani kutoka chini kwenda juu, kisha ya wima, na mstari wa juu uwe wa mwisho. Ukianza juu na pande, uzito wote unakalia mstari wa chini, na unapoufikia zege linashuka na kuibana biti au diski. Hapo ndipo mashine hukwama, na hapo ndipo diski hurudi kwa kasi na kumkata mtu. Ukianza chini, zege bado linaning'inia kwa pande zake, na wewe unapata nafasi ya kugongomea kabari za chuma kwenye mfereji. Zigongomee kila baada ya matundu matatu manne, zishike bila kulazimisha.

Funga stendi kwa bolti za kupanuka, na ujaribu kuitikisa kabla ya kuwasha. Weka watu mbali na upande wa pili na uzungushe kamba, kwa sababu kila kipande cha zege kinachotoka kwenye biti ya bomba ni kilo tano hivi, na hudondoka bila kutoa taarifa.

Sukuma biti kwa nguvu ya wastani. Maji yakitoka ya kijivu mazito, unakata zege. Yakianza kubeba vijichuma vinavyong'aa na mashine ikabadili sauti, umefika kwenye nondo. Punguza msukumo na uiache almasi ifanye kazi. Usiongeze nguvu. Biti ikizunguka bila kusonga mbele, meno yamepata utelezi: toboa tofali la mchanga au jiwe laini lenye kukwaruza kwa muda mfupi, almasi mpya zitajitokeza.

Grinda ya inchi 9 inafika kina cha sentimita 6.5 hivi, na diski ya milimita 400 inafika 14.5. Hata ukikata kutoka pande zote mbili kwa hiyo kubwa unapata 29, na ile sentimita moja inayobaki katikati ndiyo humfanya mtu achukue nyundo na kupasua ukuta. Mashine za mkono zinakufaa ukuta usiozidi sentimita 25.

Umefaulu ikiwa: mwanga unaonekana kupitia mistari yote isipokuwa kwenye madaraja, kabari zimeshika, na karatasi ulizobandika hazijachanika.

## Hatua ya 7: Toa vipande, ukianzia juu

Ulikata kutoka chini, sasa unatoa kutoka juu. Kila kipande kitobolewe tundu la milimita 50 juu ya kitovu chake, upitishe kamba ya waya, ukaze chenbloku mpaka kamba inyooke. Baada ya hapo tu ndipo ukate madaraja ya kipande hicho, na cha jirani usikiguse.

Asisimame mtu chini wala mbele ya kipande kinachoning'inia, na mtu mmoja pekee ndiye atoe amri. Kipande kikikataa kutoka, usikivute kwa chenbloku. Kuna nondo haijakatika. Itafute kwa tochi na uikate.

Umefaulu ikiwa: vipande sita vimelala juu ya mbao vikiwa na namba zao, na hakuna aliyelazimika kukimbia.

## Hatua ya 8: Tope

Tope la zege lina ukali unaochoma ngozi. Aliyepiga magoti ndani yake kutwa nzima atauguza vidonda. Likiingia kwenye mfereji wa maji ya mvua linaganda na kuuziba, na lisipoganda linaishia kwenye maji ya bahari, mikoko ilipo. Liache litulie kwenye mapipa usiku mmoja. Yale ya juu yaliyotulia yatumie tena kwa kutoboa, na yaliyokaa chini yakikauka yapelekwe na kifusi.

## Hatua ya 9: Funga kingo kabla ya hewa ya chumvi

Wengi huona mlango umefunguka wakadhani wamemaliza, wakaenda kuchukua malipo. Kwenye kingo zako sasa kuna vichwa vya nondo vilivyo wazi, na hewa ya Mombasa inabeba chumvi hata mbali kidogo na ufukwe.

Chimba kuzunguka kila kichwa cha nondo kina cha sentimita 2.5 hadi 3, ukikate kifupi, ukisugue kwa brashi ya chuma mpaka king'ae. Osha kwa maji matamu, acha pakauke, paka rangi ya kuzuia kutu yenye zinki au epoksi, kisha ziba kwa mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) ya kurekebishia zege. Fanya hivi wiki hiyo hiyo ya kukata. Mchanga wa mota usiwe wa ufukweni.

Linta au fremu ikishaingia na injinia akaikagua, legeza akro kidogo kidogo kwa zamu, robo mzunguko kila moja, huku ukiangalia karatasi za nyufa. Usiondoe moja kabisa wakati nyingine zimekaza.

Umefaulu ikiwa: akro zimetoka, karatasi ni nzima, na baada ya masika moja hakuna doa la kahawia kwenye kingo. Likitokea doa, kichwa kimoja cha nondo hakikuzibwa vizuri: fungua hapo tu, sugua, paka, ziba tena.